Chama cha Machozi ya Almerinda

Siku Almerinda alipotiwa mnyororo kwa mara ya kwanza, mabibi kumi na wawili wa mji wa Santa Rita das Goiabeiras walilia hadi leso zikawaishia, ikabidi Balbina atumwe chumbani kuleta taulo.

Alizileta, akazigawa, akarudi kusimama kando ya dirisha na kitabu mkononi. Alikuwa amesimama hapo tangu saa nane. Miguu ilikuwa inamwaka. Almerinda naye miguu ilikuwa inamwaka. Kitabu kilisema hivyo ukurasa mzima, miguu midogo, myeupe, isiyozoea sakafu ya baridi, na mabibi walipofika hapo kwenye sakafu ndipo hasa walipoangua kilio. Miguu ya Balbina ilikuwa peku juu ya sakafu ya baridi vilevile, ila yeye hakuandikwa popote.

"Endelea basi!" akafoka Dona Hermengarda, mwenye nyumba, mwenye kitabu na mwenye Balbina. "Umetuachia mtoto wa watu kwenye mnyororo, halafu unatukodolea macho! Huna moyo wewe?"

"Kahawa inapoa, Bi Mkubwa. Nilidhani..."

"Usidhani. Soma."

Balbina akasoma.

Kitabu hicho kilikuja kwa posta kutoka Rio, mji mkuu, siku za Kwaresma, nakala moja tu, na tangu kilipofika mji haukukaa sawa. Kilikuwa kisa cha msichana mtumwa, lakini mtumwa mweupe pe, nywele za dhahabu, anayesema Kifaransa na kutarizi, aliyeangukia mikononi mwa bwana katili. Namna mtumwa alivyoweza kuzaliwa na rangi hiyo, mwandishi aliieleza kwa sura tatu. Mabibi waliisikiliza kwa mshangao mkubwa, kana kwamba hawajapata kuona jambo la aina hiyo, ilhali hakuna hata mmoja wao ambaye jikoni kwake hapakuwa na mtoto mwekundu-mwekundu mwenye pua ya bwana wa nyumba.

Nguvu ya kitabu kile lakini mtu asiidharau. Kabla hakijaja, mwuza dawa wa pale uwanjani aliwahi kusema hadharani kwamba utumwa ni uovu, akavunjiwa vioo mara tatu. Baada ya sura ya saba, watu wale wale waliomrushia mawe walimpelekea mkate wa mahindi na kumwomba radhi. Padri alihubiri juu ya Almerinda. Mtu akitaka kumtukana jirani alimwita jina la yule bwana katili. Kwa kifupi, mji mzima uligeuka ukawa adui wa utumwa. Hakuna aliyemwacha huru hata mtumwa mmoja, hilo ni kweli, lakini mawazo ya watu yalikuwa yamebadilika kabisa.

Na kwa kuwa nakala ilikuwa moja, Dona Hermengarda akawa malkia. Zamani alikuwa mjane wa hakimu tu, mnene, mkali, mwenye kupenda halua ya mapera. Sasa wake za makanali, kama walivyoitwa wenye mashamba makubwa, walimsubiri mlangoni kila Jumanne na Ijumaa, na yeye akaanza kuzungumza juu ya "fasihi" huku amefumba macho. Kulikuwa na neno moja tu ambalo mji haukulijua. Dona Hermengarda hakujua kusoma. Hata herufi moja.

Marehemu hakimu aliamini kwamba mwanamke anayejua kusoma ataandikia wanaume barua, kwa hiyo mkewe hakumfundisha kitu isipokuwa kutia sahihi, naye aliichora sahihi yake kama anavyotarizi ua, kwa uzuri wa kupendeza. Macho ya hakimu yalipopotea, akamfundisha Balbina, wakati huo kitoto cha miaka saba, ili amsomee magazeti. Mtumwa mtoto hakumtia wasiwasi wa barua. Hakimu akafa. Tangu hapo, kila karatasi ilipoletwa, Bi Mkubwa alilaumu miwani. Alikuwa na miwani mitatu, yote ya Rio, yote mibovu. "Nisomee, Balbina, miwani hii itanipofusha." Miaka kumi na minane Balbina aliisomea miwani ile, na hawakuwahi kulitaja jambo hilo hata mara moja, si yeye wala bibi yake.

Mtoto wa kuzaa Bi Mkubwa hakuwa naye. Alikuwa na Clotilde, binti wa kaka yake, na Clotilde alikuwa anaolewa baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Mume mtarajiwa ni Daktari Olímpio, ambaye alikuwa daktari wa sheria tu, hajatibu hata kuku, ila alikuwa na shamba jipya la kahawa huko magharibi, siku nne kwa treni na nyumbu. Bi Mkubwa alitoa zawadi za harusi kwa mkono mkunjufu, na orodha akamwamuru Balbina aiandike. Balbina akaiandika kwa mwandiko wake safi: mashuka ya kitani, dazani sita, sahani za Uingereza, seti moja, Balbina, saa ya ukutani.

"Balbina yupi, Bi Mkubwa?" aliuliza, kalamu ikiwa hewani.

"Kwani wako wangapi?"

Shamba la Daktari Olímpio alilijua kwa sifa. Nyumba ya maana huko haikuwapo bado, kwa hiyo mjakazi wa ndani hakuwa na ndani pa kukaa. Msichana mmoja wa mjini alipelekwa huko kuwa mpishi, akaonekana tena baada ya mavuno mawili: mikono imepasuka kama udongo wa kiangazi, meno ya mbele hayapo, na hacheki tena na mtu. Balbina alikuwa na miaka ishirini na sita na meno yote.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ijumaa moja alisoma maneno yasiyokuwamo kitabuni. Alibuni palepale, amesimama, macho yakiwa kwenye ukurasa: bwana katili anamtoa Almerinda kuwa zawadi ya harusi, na jina lake linaandikwa katika orodha, kati ya mashuka na saa ya ukutani.

Sebule ililipuka.

"Shetani huyo!"

"Kati ya mashuka na saa! Binadamu mwenye roho!"

"Mimi," alisema Daktari Olímpio, akipiga meza hadi vikombe vikaruka, "ningemwita bwana huyo uwanjani kwa bastola!"

Clotilde yeye aliteleza kutoka kitini taratibu, akazimia upande ule wenye zulia. Wakampepea. Wakamnusisha siki. Balbina alisubiri na kitabu kifuani. Mwishowe Clotilde akafumbua macho yaliyojaa machozi, akamtazama yeye, moja kwa moja, muda mrefu.

"Balbina," alisema kwa sauti ya mgonjwa.

"Naam, Bi Mdogo."

"Ile saa ya ukutani. Waifunge kwa majani makavu, isije ikavunjika njiani. Na wewe uipakate mwenyewe safari nzima, hao wapagazi siwaamini."

"Sawa, Bi Mdogo."

Siku ile Balbina alielewa kwamba watu hawa wangeweza kulia hadi mto ufurike, na lisingemwangukia yeye hata tone. Hakulia. Alikasirika, na hasira ilimkaa vizuri kuliko woga.

Mwezi Mei mabibi wakaanzisha chama, wakakiita Chama cha Machozi ya Almerinda, Dona Hermengarda mwenyekiti, Daktari Olímpio katibu. Shughuli ya kwanza ilijulikana bila mjadala. Huko Rio siku hizi hapakuwa na onyesho la heshima lisilo na mtumwa wa kuachwa huru: igizo likifika katikati, mtumwa huletwa jukwaani, hati ya uhuru ikasomwa, maua yakarushwa, bendi ikapiga, watu wakalia wakaenda nyumbani wamejaa wema. Santa Rita nayo ilitaka hivyo. Kisa cha Almerinda kitaigizwa Jumapili mchana katika jumba la michezo, na katikati yake ataachwa huru mtumwa. Kilichokosekana ni mtumwa tu.

"Awe anafanana naye," alisema Dona Celestina, mke wa kanali mmoja tajiri. "La sivyo watu hawataguswa."

Wakatafuta. Mweupe wa kutosha alipatikana mmoja mji mzima, na alikuwa wa kanali mwenyewe, mume wa Dona Celestina, na walipomsimamisha karibu na dirisha penye mwanga, pua ya kanali, kidevu cha kanali na hata kikohozi cha kanali vilionekana wazi. Dona Celestina akasema msichana huyo ana afya dhaifu, asingehimili furaha. Wengine waliopatikana walikuwa weusi. Bibi mmoja akauliza kama unga wa muhogo ungesaidia.

Hapo Daktari Olímpio akasimama. "Mabibi, kwa nini tumhangaikie mtu mwingine? Tunayempenda ni Almerinda. Basi tumwachie huru Almerinda mwenyewe! Clotilde wangu ndiye atakayemwigiza. Shangazi atakuwa bibi mwema anayetia sahihi hati. Msajili wa hati ataisoma jukwaani, na karatasi iwe ya muhuri wa serikali, kila kitu kiwe kama kweli."

Kisha Dona Celestina akaanza kulia, na wengine wakamfuata. Lilikuwa wazo zuri kupindukia. Uhuru mzima, wenye muhuri, na hakuna anayepoteza kitu.

Mzee Anacleto, msajili wa hati, alikubali kwa sharti moja. Miaka arobaini katika kazi hakuwa ameshika hati yenye kasoro, na hata jukwaani hataishika. Iwe na muhuri, iwe na sahihi ya mwenye mali, iwe na mashahidi wawili wanaume. Na kitabu chake kikubwa cha usajili atakuja nacho, maana bila kitabu kile hajioni kuwa yeye.

Kuandika hati akaachiwa Dona Hermengarda, mtu wa fasihi. Kwa hiyo ikawa kazi ya Balbina.

Ile karatasi ya muhuri ilikaa kwenye droo ya jikoni siku mbili kabla hajaigusa. Siku ya tatu asubuhi akaja Mama Romualda, mwanamke huru aliyeuza halua ya mapera kwenye ngazi za kanisa, kuchukua sufuria aliyoiazima. Balbina akamvuta kando ya tanuri, akamwambia yote.

"Umerukwa na akili," alisema Mama Romualda. "Watakuchuna ngozi waitengenezee ngoma."

"Huko kwa Olímpio nitachunwa vilevile, tena polepole."

Mama Romualda akakwangua ukoko wa halua kwa ukucha, akaula, akafikiri. "Na huyo bibi yako akiisoma?"

"Ana miwani mitatu," alisema Balbina, "na bado mimi ndiye ninayemsomea." Mama Romualda akamtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta.

"Hee! Miwani mitatu! Makubwa haya!" Akajipangusa macho, sura ikarudi kuwa kavu. "Sikiliza, binti. Mimi hati yangu iliandikwa 'huru kwa sharti la kumtumikia bibi hadi afe.' Nikafurahi, alikuwa mgonjwa mahututi. Mwanamke yule alipona! Akaishi hadi miaka tisini na moja, nimemwosha na kumlisha miaka ishirini na mbili, huru. Wewe andika 'bila sharti lolote'. Kisha andika tena, 'la aina yoyote'. Wasipate hata pa kupenyeza wembe."

Balbina akaandika hivyo. Akaandika jina lake mwenyewe, umri wake, rangi yake, akatia *bila sharti lolote la aina yoyote, tangu saa hii*. Neno "saa" likatoka limepinda kidogo, akaliacha.

Mchana akampelekea Bi Mkubwa, aliyekuwa amejilaza akipepewa.

"Isome."

Balbina akaisoma. Aliisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma kitu chochote: "Namwachia huru mtumwa wangu Almerinda, yungiyungi lililoota kwenye matope..." Bi Mkubwa akasikiliza amefumba macho, chozi likamtiririka hadi sikioni.

"Nimeandika vizuri sana," alisema.

"Sana, Bi Mkubwa."

Akaketi, akachora ua lake chini ya karatasi. Daktari Olímpio alipokuja jioni akaomba aipitie, kama mwanasheria, asije msajili akapata la kusema. Balbina alikuwa akipanga vikombe, kimoja kikamponyoka kikavunjika. Lakini Dona Hermengarda alikuwa ameshavimba.

"Uipitie? Kwa nini? Unadhani mimi sijui kuandika barua?"

"La hasha, Shangazi, ni vile tu..."

"Itakaa kifuani mwangu hadi Jumapili." Na ikakaa huko kweli, imefungwa kwa utepe, mahali ambapo Daktari Olímpio asingethubutu kuifuata. Balbina akachapwa makofi mawili kwa ajili ya kikombe, akayapokea kwa moyo mweupe.

Jumapili jumba la michezo lilijaa hadi watu wakakaliana magotini. Minyororo ya Almerinda iliazimwa shambani kwa kanali, ya kweli, kwa kuwa ya bati haikulia vizuri. Wanaume wawili walioivaa kila siku walifunguliwa mchana ule, wakaambiwa waitumie nafasi hiyo kupalilia kwa kasi zaidi. Kwa ndani ilishonewa mahameli ili isimchubue Clotilde.

Balbina walimweka kwenye kile kijishimo cha mbele ya jukwaa, pale anapokaa mtu wa kuwanong'oneza maneno waigizaji waliosahau. Kichwa chake kilikuwa usawa wa viatu vyao. Clotilde alisahau kila kitu isipokuwa kulia, kwa hiyo Balbina alinong'ona igizo zima: alinong'ona mateso, alinong'ona sala, alinong'ona "Ee Mungu, kwa nini nimezaliwa mtumwa?", na Clotilde akalirudia huku akitazama juu, na jumba zima likashusha pumzi.

Katikati ya igizo mashahidi walipanda jukwaani, kanali na padri. Kanali alikuwa ametoka kula nguruwe wa kuchoma na hakuona vizuri. Padri aliona machozi tu. Wakatia sahihi pale walipoonyeshwa. Kisha Dona Hermengarda, amevaa hariri ya zambarau hadi viatuni, akamkabidhi Mzee Anacleto hati kwa mkono ulionyooshwa, kama anayekabidhi upanga. Clotilde akapiga magoti. Mzee Anacleto akavaa miwani, miwani mizima, akakohoa.

Chini shimoni Balbina alifumba macho. Aliogopa. Aliogopa hadi akatamani aseme hapana, nirudishieni, nilikuwa natania. Alichoweza kuona alipofumbua ni viatu tu.

"'Mimi, Hermengarda, mjane, nikiwa na akili zangu timamu na bila kulazimishwa na mtu,'" alisoma Mzee Anacleto kwa sauti ya puani iliyosajili mji mzima, "'namwachia huru mtumwa wangu aitwaye Balbina, mweusi, umri miaka ishirini na sita, bila sharti lolote la aina yoyote, tangu saa hii.'"

Bibi mmoja aliyekuwa ameshaanza kulia akabaki mdomo wazi, hajui amalizie au aache.

Mzee Anacleto akaigeuza karatasi nyuma, akaigeuza mbele. Muhuri upo. Sahihi ipo. Mashahidi wawili. Alikuwa ameambiwa ni igizo, na pengine mtu mwingine angekumbuka hilo. Lakini msajili yule hakuwahi kuona hati iliyokamilika akaiacha ipite, ingemnyima usingizi. Akafungua kitabu chake kikubwa, akachovya kalamu, na kukawa hakuna sauti nyingine katika jumba lile ila ya nibu ikikwaruza.

Viatu vyeusi vya Daktari Olímpio vilikuja mbio hadi kwenye viatu vya zambarau.

"Shangazi, simamisha! Balbina ni wa Clotilde! Yumo kwenye orodha ya harusi!" Alidhani ananong'ona, lakini jumba lile lilijengwa vizuri, hata mnong'ono ulifika roshani ya juu. "Shangazi. Uliisoma hati hii kabla ya kutia sahihi?"

Viatu vya zambarau havikusogea. Kisha vikageuka polepole, ncha zikaelekea shimoni, na Balbina akainua uso. Wakatazamana. Miaka kumi na minane ya miwani mibovu ilikuwa katikati yao. Balbina hakutikisa kichwa, hakukunja mikono kuomba. Alimtazama tu, na Dona Hermengarda akaona katika macho yale kwamba anachotakiwa kusema ni moja kati ya mawili: kwamba amemwachia huru mtumwa wake, au kwamba mwenyekiti wa chama, mtu wa fasihi, hajui herufi A.

Alipumua hadi hariri ikalia.

"Daktari Olímpio," alisema, na kila neno lilifika roshani. "Unaniuliza mimi, mbele ya watu hawa wote, kama najua kusoma?"

"Hapana, Shangazi, lakini..."

"Nimeisoma. Nimeiandika. Neno kwa neno, kwa mkono wangu huu. Au ulidhani tumekuja hapa kucheza?"

Aliyeanza kupiga makofi alikuwa Mama Romualda, juu kabisa kwenye roshani walikokaa mafundi cherehani, wachukuzi na watu huru weusi. Roshani nzima ikasimama. Chini, mabibi wakatazamana, wakaona kwamba kutopiga makofi kutaonekana vibaya, wakapiga, kisha wakasahau kwa nini walianza na wakalia kwa dhati. Maua yakaruka. Bendi, ambayo haikuwa imeuzoea wimbo wa taifa, ikapiga polka. Mpiga tromboni akainama, akamnyanyua Balbina kutoka shimoni kwa kumshika kiuno kama gunia, na Balbina akajikuta magotini juu ya jukwaa, akajiinua upesi, akasimama.

"Na mimi je?" alilia Clotilde, bado kapiga magoti. "Mimi nani ananifungua?"

Ufunguo ulikuwa umesahauliwa shambani. Bi harusi alikwenda nyumbani akiwa amebebwa, minyororo ikilia njia nzima kwa mahadhi yake mazuri.

Jumatatu gazeti liliandika safu mbili. Liliandika kwamba kalamu ya mwandishi mmoja imeshinda karne tatu za giza, kwamba Dona Hermengarda ni mama wa waliodhulumiwa, na kwamba "mtumwa husika" alibusu pindo la gauni lake. Balbina alilisoma gazeti hilo akiwa amekaa kwenye ngazi za kanisa kando ya sinia za Mama Romualda, akiwa na nakala ya hati yake yenye sahihi ya msajili ndani ya blauzi. Alilisoma mara mbili, akitafuta jina lake. Alikuwa anafungia halua nalo wakati mtu alipotumwa kumwita.

Dona Hermengarda alikuwa peke yake sebuleni. Kitabu kilikuwa mapajani mwake, kimefunguliwa, juu chini.

"Ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo."

"Usoni mwangu. Nikilia!"

"Ndiyo."

"Ningeweza kukuchapa."

"Juzi, ndiyo. Ungeweza."

Bi Mkubwa akakunja midomo. Nje, mtoto wa jirani alipita akiimba polka ya jana. Wanawake wale wawili wakaisikiliza hadi ikaishia kwenye kona.

"Olímpio anataka saa ya pili ya ukutani kwa fidia," alisema hatimaye, kwa hasira, kisha hasira ikamtoka ghafla na akabaki mama mnene aliyechoka. "Wanakuja kesho. Wote kumi na wawili. Zimebaki kurasa arobaini, Balbina. Inaishaje? Wewe lazima umeshasoma hadi mwisho."

"Nimesoma."

"Anaachwa huru?"

"Inagundulika si mtumwa. Alibadilishwa uchangani. Baba yake ni baroni."

"Nilijua! Nilimwambia Celestina, damu haijifichi. Halafu?"

"Baroni anakufa, anamwachia mali yote. Nyumba, milima miwili ya kahawa, na watumwa mia na arobaini."

"Mia na arobaini!" Dona Hermengarda akashika kifua, machozi yakamjaa tena, machozi ya kweli kabisa. "Ashukuriwe Mungu. Mtoto yule ameteseka, jamani. Amepata haki yake."

Balbina alimtazama. Alitaka kucheka na alitaka kupiga kitu ukutani, akashindwa kuamua kipi kianze.

Bi Mkubwa akajipangusa, akakigeuza kitabu huku na huku, akakinyoosha mbele yake. "Kesho saa nane," alisema, na hapo akasita, kwa sababu sentensi zake zote kwa mtu huyu zilikuwa zinaishia hapo na leo hii haikuishia. "Utakuja?"

Miaka ishirini na sita, na hilo lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa katika nyumba ile lenye majibu mawili. Balbina hakulijibu haraka. Alikuwa na haki ya kukawia nalo, akakawia.

"Nitaona, Dona Hermengarda."

"Utaona nini? Una shughuli gani wewe?"

"Nitaona kama nataka."